IPOA haifungi mtu: nani hasa humwajibisha polisi Kenya, na imani ya raia hutoka wapi

Mtu akifia mikononi mwa polisi nchini Kenya, swali moja huzuka mitandaoni hata kabla maiti haijafika mochari: "IPOA wako wapi?" IPOA ni mamlaka ya kiraia inayochunguza polisi. Swali hilo liliulizwa Juni 2024 vijana walipopigwa risasi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Likaulizwa tena kwa kishindo Juni 2025, mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni alipofia katika kituo cha polisi cha Central jijini Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo, mambo ambayo mtu hajifanyii mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akafika mbele ya Seneti na kuomba radhi kwa ile taarifa ya kwanza.

Siku zile kuna waliotaka IPOA iwafunge wahusika papo hapo. Kuna waliotaka Waziri wa Usalama awafute kazi, wengine wakamtaka Rais aamuru nani ashtakiwe. Hasira yenyewe ilikuwa ya haki, ila nyingi ilikuwa ikibisha milango isiyo yake, na anayebisha mlango usio wake hurudi nyumbani akiamini kwamba nyumba nzima haina watu. Kwa hiyo inafaa tupange mambo haya taratibu: maadili ya polisi ni nini, nani anawajibisha nani, na kwa nini watu huacha kuwaamini hata pale sheria nzuri zipo.

Tuanze na maadili, kwa sababu wengi huyachanganya na sheria. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, au siku ambayo haiketi, muda husogea hadi siku inayofuata ya mahakama. Mtaani kila mtu anajua maana yake: ukikamatwa Ijumaa jioni, utalala ndani hadi Jumatatu. Sasa mchukue afisa aliyetumwa na mwenye nyumba kumtisha mpangaji. Mpangaji yuko dukani kwake wiki nzima, anaonekana na kila mtu, lakini afisa anangoja hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni ndipo amfuate. Ukitazama saa peke yake, hakuna mstari alioruka. Lakini alichofanya ni uovu na yeye anajua. Sheria huonyesha mamlaka ya polisi yanaishia wapi. Maadili yanahusu namna anavyoyatumia kabla ya kufika huko, mahali ambapo mara nyingi hakuna hakimu, wakili wala kamera.

Uwajibikaji ni jambo jingine. Maana yake ni kwamba yupo mtu mwingine, asiye bosi wako wala rafiki yako, anayeweza kukuuliza "ulifanya nini na kwa nini", ukalazimika kujibu, na jibu likiwa bovu likakugharimu. Polisi mwenye roho nzuri ambaye hakuna wa kumuuliza ni bahati tu kwa raia. Akihamishwa, bahati imehama naye.

Halafu kuna imani ya jamii. Mtu akisema hana imani na polisi, mara nyingi hasemi kwamba anawachukia. Anasema amepiga hesabu. Simu imeibwa, kwenda kituoni ni nauli na nusu siku ya kazi, huenda akaombwa "ya mafuta ya gari", na huenda jioni hiyo hiyo mwizi akajua nani aliyemtaja. Hesabu ikimwambia kwamba hasara ya kuripoti inazidi hasara ya simu, anakaa kimya. Wala si ujinga huo, wala si ukosefu wa uzalendo.

Fikiria chama cha akina mama cha kila mwezi. Mweka hazina haaminiwi kwa sababu ya tabasamu lake. Anaaminiwa kwa sababu kila kikao daftari hufunguliwa, majina husomwa, kiasi hutajwa, na yeyote anaweza kusema "hapo sikubaliani" bila kufukuzwa. Siku daftari linapoanza kusahaulika nyumbani, hakuna anayepiga kelele. Mmoja anapunguza mchango, mwingine anapata udhuru wa mazishi kila Jumapili ya kikao, na chama kinakufa bila mtu kutangaza kwamba kimekufa. Raia na polisi wao huachana vivyo hivyo. Watu hawaanzi kwa kuandamana; huanza kwa kuacha kuripoti.

Daftari la kaunta

Na polisi nao wanalo daftari. Ukiingia kituo chochote Kenya utaikuta kaunta, na juu yake kitabu kikubwa chenye jalada gumu ambacho kila mtu hukiita OB. Humo huandikwa kila tukio: aliyekuja kuripoti, aliyeletwa na pingu, saa aliyoingizwa seli na saa aliyotolewa, zamu inayoingia na inayotoka. Kila tukio hupewa namba. OB 27/14/6/2025 maana yake ni tukio la 27 la tarehe 14 Juni 2025. Kwa kuwa namba hufuatana, ni vigumu kuchomeka baadaye jambo lililorukwa, au kubadilisha saa bila kuacha alama. Ndiyo sababu mawakili wakifika kituoni jambo la kwanza huuliza namba ya OB, na ndiyo sababu afisa mwenye nia mbaya jambo la kwanza hukwepa kuiandika. Ukiambiwa "nenda tu, tutakupigia" bila kupewa namba, kesi yako haipo popote ila kichwani mwa mtu mmoja aliyechoka.

Kuandikiwa OB ni bure. Fomu ya P3, inayojazwa na daktari mtu akiwa amejeruhiwa, haiuzwi kaunta. Dhamana ya polisi, ile ya kuandika ahadi kwamba utarudi, ni bure pia. Ukitakiwa kuweka pesa taslimu, lazima upewe risiti, na pesa hizo ni zako ukitimiza masharti. Na kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza mtu kuwekwa rumande. Ukipita katika seli za Nairobi baada ya msako wa usiku, utaona jinsi kipengele hicho kinavyoheshimiwa.

Nimeanza na kaunta makusudi. Mijadala ya maadili ya polisi hupenda kukimbilia bunduki, lakini raia wengi hawatawahi kuelekezewa bunduki. Watakutana na kaunta. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani Tom Tyler aliwahoji wakazi zaidi ya 1,500 wa Chicago kuhusu polisi na mahakama. Alichokuta kimerudiwa na wengi tangu hapo: hukumu ya watu juu ya polisi hutegemea sana jinsi walivyotendewa, si tu kama walipata walichotaka. Je, nilisikilizwa? Je, angemfanyia mwingine hivyo hivyo? Je, aliniheshimu? Je, nia yake ilikuwa kunisaidia? Hata aliyeandikiwa faini anaweza kuondoka akiwa na heshima kwa afisa aliyemwandikia. Na aliyeachiwa huru baada ya kutukanwa mama yake huondoka na kinyongo cha miaka. Yaani mtu anaweza kushindwa na bado akaamini, ila hawezi kudharauliwa akaamini.

Risasi na jina kifuani

Sasa twende kwenye nguvu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita, na kama kuna kurasa chache ambazo kila Mkenya angepaswa kuzisoma, ni hizo. Zinasema afisa aanze na njia zisizo za nguvu. Nguvu ziwe za mwisho, na zilingane na jambo lenyewe. Aliyejeruhiwa apewe matibabu mara moja. Kabla ya kufyatua risasi, afisa ajitambulishe na kuonya, isipokuwa kuonya huko kungehatarisha maisha. Nguvu zikisababisha kifo au jeraha baya, IPOA ijulishwe mara moja, na mahali pa tukio pasichezewe. Amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Na afisa aliyevaa sare lazima jina lake au namba yake ya utumishi ionekane wazi.

Hilo la mwisho linaonekana dogo kuliko yote, lakini mengine yote yanalitegemea. Kumbuka maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai 2024. Katika video nyingi za siku zile unawaona wanaume waliovaa jaketi za kawaida, wamejifunika nyuso, wakishuka katika magari yasiyo na alama. Utamripoti nani? "Mrefu, kofia nyeusi, Subaru ya kijivu." Kabla ya kuuliza kama sheria ilivunjwa, unajikuta huna wa kumuuliza. Septemba mwaka huo ilifika hatua Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akamhukumu Gilbert Masengeli, aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali, kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, kwa kukataa mara kwa mara kufika kueleza walikokuwa wanaume watatu waliotoweka Kitengela. Alipofika hatimaye na kuomba radhi, hukumu iliondolewa. Mkuu wa polisi anapoitwa na jaji asiende, konstebo wa kaunta anajifunza nini?

Milango na wenye milango

Hapa ndipo mkanganyiko wa "IPOA wako wapi" unapofunguka. Kazi ya kumwajibisha polisi imegawanywa kwa wengi, na imegawanywa kusudi.

IPOA, yaani Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ni chombo cha kiraia kilichoanzishwa kwa sheria ya 2011. Chimbuko lake ni damu ya 2007 na 2008: Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia za baada ya uchaguzi, 405 kati yake vya risasi. Nchi ikajiuliza nani awachunguze wenye bunduki, kwa maana hadi wakati huo walikuwa wakijichunguza wenyewe. IPOA huchunguza vifo na majeraha mabaya yanayohusishwa na polisi, hukagua vituo na seli, hufuatilia operesheni na hupokea malalamiko ya raia na hata ya polisi wenyewe. Inaweza kudai nyaraka na kuita watu wahojiwe. Haishtaki. Haifungi.

Ikimaliza, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye huamua kama kuna kesi. Kesi ikifunguliwa, ni ya mahakama. Wakati huo huo suala la kazi, yaani kusimamishwa, kushushwa cheo au kufutwa, ni la Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Ndani ya polisi kwenyewe kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani kinachoshughulikia utovu wa nidhamu, na ambacho raia pia anaweza kukipelekea malalamiko. Ikiwa umetukanwa au umeombwa rushwa, huko kunatosha kuanzia. Ikiwa mtu amekufa au amevunjwa mfupa, ni IPOA.

Na Rais, au Waziri? Kifungu cha 245 cha Katiba kinasema waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, tena kwa maandishi, lakini hakuna anayeruhusiwa kumwelekeza nani achunguzwe kwa kosa fulani wala nani atekelezewe sheria. Tunaotaka Rais aamuru polisi fulani akamatwe tunaomba, bila kujua, mlango ule ule ambao kesho utatumika kuamuru sisi tukamatwe.

Mgawanyo huu una gharama, nayo ni muda. Chukua kesi ya wakili Willie Kimani. Juni 2016 alitoka Mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi. Mteja alikuwa amemshtaki polisi mmoja kwa IPOA baada ya kupigwa risasi, na tangu hapo alikuwa akiandamwa na kesi moja baada ya nyingine. Watatu hao walitekwa wakafungiwa katika kambi ya polisi wa utawala Syokimau, kisha wakauawa na miili yao ikatupwa mtoni. Wakiwa mle ndani, wakili aliandika ujumbe kwenye karatasi ya choo, namba ya simu ya mkewe ikiwamo, akautupa nje. Mpita njia akaiokota ile karatasi akapiga simu. Haikuwaokoa, lakini ilisaidia kuonyesha walikuwa wapi. Hukumu ilitoka Julai 2022, miaka sita baadaye: maafisa watatu na mpasha habari mmoja walipatikana na hatia. Februari 2023 mmoja wa maafisa alihukumiwa kifo, wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Naitaja kesi hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba mfumo unaweza kufika mwisho. Haikuwa ya kwanza pia: Februari 2016 maafisa wawili walifungwa miaka saba kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale, katika kesi iliyochunguzwa na IPOA. Pili, na hili ndilo zito, inaonyesha bei ya kulalamika. Mteja yule alifuata utaratibu wote tunaouhubiri katika makala kama haya. Alilalamika mahali panapostahili. Ndiyo sababu nashindwa kuwalaumu wanaokataa kuandikisha taarifa. Kinachohitajika kwanza ni mlalamikaji kulindwa tangu siku ya kwanza, na afisa anayelalamikiwa kuondolewa karibu naye. Bila hilo, namba za simu za bure ni mapambo.

Mambo yanayosemwa na yasivyo kweli

"Ni wachache tu wanaoharibu jina." Viongozi wa polisi hupenda usemi huu. Sisi wenyewe husema samaki mmoja akioza wote huoza, kwa hiyo sijui faraja yake iko wapi. Lakini tuutazame kwa ushahidi. Tume ya Huduma ya Polisi ilipoanza kuwapiga msasa maafisa mwishoni mwa 2013, chini ya Johnston Kavuludi, iliwataka walete taarifa za benki na za M-Pesa. Katika vikao vilivyofuata nchi ikashuhudia maafisa wa trafiki wakiulizwa kwa nini wamekuwa wakituma pesa kwa wakubwa wao mara kwa mara. Wengine walisema ni mkopo. Ni rahisi kucheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Ile noti ambayo kondakta huikunja mara nne na kuipenyeza kiganjani mwa afisa barabarani haiishii mfukoni mwa yule afisa. Ina ngazi za kupanda. Konstebo anayekataa kupokea hana cha kupeleka juu, na asiye na cha kupeleka juu hupangiwa zamu za usiku hadi achoke. Ukimfukuza mmoja bila kuvunja ngazi, umetangaza nafasi ya kazi tu.

"Walipwe vizuri, rushwa itaisha." Hili lina ukweli nusu, kwani konstebo anayelala na familia nzima katika chumba kimoja cha mabati, kilichogawanywa kwa pazia na familia ya mwenzake, hana sababu nyingi za kuiheshimu serikali iliyomweka hapo. Lakini Ghana ilijaribu. Mwaka 2010 iliongeza mishahara ya polisi karibu maradufu. Watafiti Kweku Opoku-Agyemang na Jeremy Foltz walilinganisha malipo ya madereva wa malori njiani kabla na baada, wakakuta kiasi ambacho polisi wa Ghana waliwatoza kilipanda badala ya kushuka. Mshahara mkubwa bila hatari ya kuupoteza ni mshahara mkubwa tu. Georgia, ile nchi ya Caucasus, ilifanya tofauti baada ya mapinduzi ya 2003: iliwafuta maelfu ya polisi wa barabarani kwa mkupuo, ikaajiri upya, na hao wapya ndio ikawalipa vyema. Sisemi Kenya ifanye hivyo. Nasema fedha peke yake si dawa.

"Haki za binadamu zinawapa nguvu majambazi." Wanaosema hivi mara nyingi wamewahi kuibiwa au kufiwa, na nisingewabeza. Ila jiulize polisi hupataje jambazi. Kwa sehemu kubwa ni mtu kasema: jirani aliyeona pikipiki, muuza duka aliyeletewa simu ya bei ya kutupa, mama aliyechoka kumficha mwanawe. Mtaa ambao polisi waliua kijana wakasema alikuwa na bastola ya bandia, na kila mtu anajua hakuwa nayo, mtaa huo hautasema tena. Jambazi wa kweli hufaidika na ukimya huo kuliko anavyofaidika na kifungu chochote cha Katiba. Tena vikosi vya "wapiga risasi kwanza" vimejaribiwa mara nyingi. Oktoba 2022 serikali ilivunja Kitengo cha Huduma Maalum cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, baada ya kuhusishwa na mauaji na watu kutoweka. Kabla yake kulikuwa na vingine vilivyovunjwa vikabadilishwa majina. Ujambazi haukuisha kwa lolote kati ya hayo.

"Nyumba Kumi ndiyo suluhisho." Mfumo huu wa majirani kulinda usalama kwa vikundi vya nyumba Kenya iliuchukua kwa jirani. Tanzania ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, chini ya TANU, na Kenya ikauhamisha baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013. Wazo lenyewe si baya: watu wajuane, wajue mgeni ni nani. Lakini balozi wa Tanzania alikuwa pia mtu wa kuandikia barua, kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kusikiliza ndoa zilizoyumba. Watu walimwendea kwa shida zao. Nyumba Kumi ya Kenya ilianza kama mpango wa usalama, habari zikipanda kwa chifu na polisi bila chochote kurudi. Kamati ikiwapa polisi majina ya vijana watano, kisha mmoja wao akapatikana amekufa, mwenyekiti wa kamati atalala wapi? Kifungu cha 244 cha Katiba kinawataka polisi wakuze uhusiano na jamii pana. Uhusiano una pande mbili. Kikao cha polisi na wananchi ambacho OCS, yaani mkuu wa kituo, anauliza maswali na hajibu lolote, hata lile la "kesi ya duka la Mama fulani imefika wapi", ni kikao cha kuchukua taarifa, na watu wameshajua.

Maiti ni ya nani

Limebaki jambo moja ambalo huzungumzwa kidogo na ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko semina zote za maadili.

Mtu akifa kwa kifo cha kutatanisha Kenya, anayefika kwanza, anayepiga uzio, anayeokota maganda ya risasi na kupeleka mwili mochari ni polisi. Ikiwa anayeshukiwa ni polisi pia, basi mshukiwa au mwenzake ndiye ameshika ushahidi kwa saa za mwanzo, ambazo ndizo muhimu. Katika kifo cha yule mwalimu aliyekamatwa Homa Bay, IPOA iliiambia Seneti kwamba mfumo wa kamera wa kituo ulikuwa umechezewa. Watu sita, watatu wao polisi, walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana mashtaka. Lakini kilichokwisha kufutwa hakirudishwi na hati ya mashtaka.

Bunge liliona tatizo hili zamani. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo, inayoweka maafisa wasio polisi wa kuchunguza vifo vya ghafla, vya kikatili na vya walio korokoroni. Ilitiwa saini, ikawa sheria. Miaka ikapita bila huduma yenyewe kuundwa: hakuna ofisi, hakuna mkuu wake, hakuna bajeti. Anayetaka kumuuliza mbunge wake swali moja kuhusu polisi, badala ya "IPOA wako wapi", amuulize hilo.